Kupima Bakteria Wanasikia Dawa Gani: Mwongozo Kamili wa Kipimo cha Vidiski Maabarani

Karatasi ya majibu ya kuotesha mkojo ina safu ambayo daktari huiangalia kabla ya nyingine zote: majina ya dawa yamepangwa upande mmoja, na mbele ya kila dawa limeandikwa neno "nyeti" (dawa inawazuia bakteria) au "sugu" (haiwazuii). Neno hilo hutokana na milimita chache zilizopimwa kwa rula nyuma ya sahani ya maabara. Mwongozo huu unahusu jinsi milimita hizo zinavyopatikana na lini zinastahili kuaminiwa. Nitaeleza njia ya vidiski, ambayo maabara nyingi za hospitali za Afrika Mashariki huitegemea kwa sababu haihitaji mashine ya bei kubwa, na nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: Escherichia coli aliyeoteshwa kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa mwenye maambukizi ya njia ya mkojo. Walengwa ni wanafunzi wa sayansi ya maabara na wataalamu wanaoanza kukabidhiwa benchi la bakteria. Hii si kazi ya kujaribia jikoni wala darasani, kwa kuwa inakuza vimelea vya maradhi kwa mamilioni.

Duara linatokeaje

Kidiski ni kipande cha karatasi chenye kipenyo cha milimita 6 kilicholowekwa kiasi maalumu cha dawa. Kikigusa aga yenye unyevu (chakula kilichogandishwa cha kuoteshea bakteria), dawa huyeyuka na kuanza kusambaa pande zote, na kadiri inavyokwenda mbali ndivyo inavyopungua. Wakati huohuo bakteria waliopakwa juu ya aga wameanza kugawanyika. Ni mbio za pande mbili, dawa ikikimbilia mbali na bakteria wakikimbilia wingi. Ukingo wa duara, yaani wa eneo tupu linalobaki kuzunguka kidiski bila bakteria kuota, huamuliwa katika saa chache za mwanzo, pale bakteria wanapofikia wingi ambao dawa iliyowafikia haiwezi tena kuuzuia. Saa zote zinazofuata kazi yake ni kuufanya ukingo huo uonekane kwa macho.

Mtu akilishika hilo, karibu kila sharti la kipimo hiki linajieleza lenyewe. Ukipaka bakteria wengi mno, wanafika mapema na duara linakuwa dogo, hivyo bakteria nyeti anaonekana sugu. Ukipaka wachache, duara linapanuka na bakteria sugu anaonekana nyeti, kosa ambalo kwa mgonjwa ni baya zaidi kwa kuwa atapewa dawa isiyomfaa. Aga ikiwa nene, dawa inazama chini badala ya kusambaa na duara linapungua. Ikiwa nyembamba, linapanuka. Sahani ikikaa mezani baada ya kuwekwa vidiski, dawa inatangulia huku bakteria wakisuasua kwa ubaridi, na duara linakua bila bakteria kubadilika hata kidogo.

Ndiyo maana duara kubwa si ushahidi kwamba dawa hii ina nguvu kuliko ile. Kila molekuli husambaa kwa mwendo wake, na kila kidiski kina kiasi chake cha dawa. Aina ya kawaida ya E. coli inayotumika kudhibiti ubora, ATCC 25922, hutoa duara la milimita 19 hadi 26 kwa gentamisini na la milimita 29 hadi 35 kwa seftriaksoni, na bakteria huyo ni nyeti kwa dawa zote mbili. Anayelinganisha duara la dawa moja na la dawa nyingine kisha akamwambia daktari achague lile kubwa amekosea tangu msingi. Duara hulinganishwa na jedwali la dawa hiyohiyo kwa bakteria wa kundi hilohilo, basi.

Chagua mwongozo mmoja na ubaki nao

Kabla ya miaka ya 1960 kuisha, kila maabara ilikuwa na namna yake ya kupima, na majibu ya maabara mbili hayakuweza kuwekwa pamoja. Mwaka 1966 Bauer, Kirby, Sherris na Turck, waliokuwa Seattle nchini Marekani, walichapisha utaratibu uliofunga masharti yote: aina ya aga, wingi wa bakteria, kiasi cha dawa katika kidiski na namna ya kusoma. Utaratibu huo ndio watu wanaouita Kirby-Bauer hadi leo.

Siku hizi majedwali ya kufasiri hutolewa na taasisi mbili, CLSI ya Marekani na EUCAST ya Ulaya, na yote mawili hufanyiwa marekebisho kila mwaka. Maabara ichague moja. Hatari ya kuchanganya haiko kwenye jedwali peke yake, iko pia kwenye ununuzi: kidiski cha nitrofurantoini kwa CLSI kina mikrogramu 300, kwa EUCAST kina mikrogramu 100, seftazidimu ni mikrogramu 30 kwa CLSI na 10 kwa EUCAST. Bohari ikileta kopo la mikrogramu 100 kwa maabara inayosoma jedwali la CLSI, kila kitu kitaonekana sawa mezani, na kila jibu la dawa hiyo litakuwa batili. Anayeagiza vifaa apewe orodha yenye jina la dawa pamoja na mikrogramu zake, si jina peke yake.

Aga: hapa ndipo kipimo kinapoharibikia mara nyingi

Aga inayotumika ni ya Mueller-Hinton, iliyotengenezwa na John Howard Mueller na Jane Hinton wa Harvard mwaka 1941 kwa madhumuni mengine kabisa, yaani kuotesha bakteria wa jamii ya Neisseria. Ilikuja kukubalika kwa kipimo hiki kwa sababu toleo moja halitofautiani sana na jingine, na kwa sababu ina vitu vichache vinavyopinga dawa za salfa na trimethoprimu.

Pima unga kwa kufuata maelezo ya chombo, changanya na maji yaliyokenekwa, chemsha mpaka uyeyuke wote, kisha takasa kwenye otoklevu kwa nyuzi 121 za Selsiasi kwa dakika 15. Maji ya bomba hayafai. Kalsiamu na magnesiamu zikizidi kwenye aga, duara la gentamisini na dawa za jamii yake hupungua kwa bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa, na mtu atadhani amekumbana na usugu kumbe amekumbana na maji magumu.

Iache ipoe hadi nyuzi 45 mpaka 50 kabla ya kumimina. Kina kinachotakiwa ni milimita 4, na kosa linalovumilika ni nusu milimita tu juu au chini. Hesabu yake ni nyepesi: sahani ya kipenyo cha sentimita 9 ina eneo la karibu sentimita 64 za mraba, ukizidisha kwa kina cha sentimita 0.4 unapata mililita 25 na ushei. Basi pima mililita 25 kwa silinda kwa kila sahani, wala usikisie kwa jicho, na umimine juu ya meza ambayo umeihakikisha kwa pimamaji. Meza iliyoinama huzaa sahani yenye upande mnene na upande mwembamba, na vidiski viwili vya dawa ileile kwenye sahani hiyo vitatoa majibu mawili. Aga ikishaganda, toa sahani moja katika kila toleo, ikate katikati kwa kisu na upime kina kwa rula. Sahani hiyo inapotea, lakini ni gharama ndogo kuliko kutupa majibu ya wiki nzima.

Pima pia asidi ya aga ikiwa imepoa: pH iwe kati ya 7.2 na 7.4. Ikishuka, gentamisini na erithromaisini hupoteza nguvu na tetrasaiklini huonekana kali kupita kiasi. Hifadhi sahani kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Zisizofungwa kwenye mfuko wa plastiki zitumike ndani ya siku 7.

Kwa Streptococcus na jamaa zake aga hii haitoshi na huongezewa damu. CLSI hutumia damu ya kondoo kwa asilimia 5. Damu ya binadamu iliyobaki benki ya damu si mbadala hata kama inapatikana bure, kwani inaweza kuwa na kingamwili au mabaki ya dawa alizotumia mchangiaji, mbali na hatari ya maambukizi kwa anayeishughulikia.

Kutunza vidiski

Akiba kuu ikae kwenye friza, hasa dawa za jamii ya penisilini na sefalosporini, na ile ya matumizi ya wiki ikae kwenye jokofu ndani ya chombo chenye silika ya kufyonza unyevu. Makopo yatolewe saa moja hadi mbili kabla ya kazi na yaachwe yafikie joto la chumba yakiwa bado yamefungwa. Kopo likifunguliwa baridi, mvuke wa hewani hugeuka matone juu ya karatasi, na katika miji ya mwambao kama Dar es Salaam, Mombasa au Tanga hilo hutokea ndani ya sekunde chache. Unyevu huo huanza kuivunja dawa. Kidiski kilichopitwa na tarehe hakitumiki, hata kama kopo limejaa. Amoksilini yenye klavulaneti na imipenemu huharibika upesi kuliko nyingi, kwa hiyo udhibiti wake uangaliwe kwa jicho kali zaidi.

Usalama kabla ya kugusa chochote

Vaa koti la maabara lililofungwa na glavu, usile wala kunywa kwenye chumba hicho, na safisha meza kabla na baada ya kazi. Kuna tahadhari moja ambayo kwa maeneo yetu ya wafugaji haifai kupuuzwa: damu iliyooteshwa ikitoa vijidudu vidogo mno vya Gram hasi (vinavyoonekana vyekundu kwa rangi ya Gram), vya umbo kati ya duara na fimbo, vinavyokua polepole, simamisha kazi na hamishia sahani kwenye kabati la usalama wa kibayolojia. Huyo anaweza kuwa Brucella, bakteria wa mifugo ambaye huambukiza wataalamu wa maabara kwa njia ya hewa, na kipimo cha vidiski hakifanywi kwake.

Siku ya kipimo

Anza na koloni safi, yaani vishada vya bakteria vinavyoonekana kwa macho juu ya aga. Bakteria wa mgonjwa wetu wameota kwenye sahani ya kwanza ya mkojo, lakini mkojo huweza kuwa na zaidi ya aina moja ya bakteria. Waoteshe upya kwenye aga isiyochagua (isiyozuia baadhi ya bakteria kuota), kama vile aga ya damu, usiku mmoja. Asubuhi chagua koloni tatu hadi tano zilizojitenga na zenye sura moja. Kuchukua kadhaa badala ya moja kunapunguza uwezekano wa kumkosa mwenye usugu aliyejificha miongoni mwa wenzake.

Ziguse kwa lupu iliyotakaswa na uzikoroge kwenye mililita 3 au 4 za maji ya chumvi ya asilimia 0.85 mpaka pasiwe na mabonge. Sasa rekebisha ukungu wa mchanganyiko ulingane na kipimo cha McFarland 0.5, ambacho kwa E. coli ni karibu bakteria milioni 100 hadi 200 kwa kila mililita. Maabara isiyonunua kipimo hicho hukitengeneza yenyewe kwa kuchanganya mililita 0.5 za bariamu kloraidi ya asilimia 1.175 na mililita 99.5 za asidi ya salfuriki ya asilimia 1, kisha huhakikisha kwa spektrofotometa kwamba usomaji kwenye nanomita 625 uko kati ya 0.08 na 0.13. Hufungwa vizuri, huwekwa gizani, na huhakikiwa kila mwezi.

Hatua hii ndiyo inayotenganisha mtaalamu na anayebahatisha, kwa hiyo ichukuliwe polepole. Tumia mirija ya kipenyo kimoja kwa kipimo na kwa sampuli. Tikisa mrija wa McFarland kwa nguvu kwanza, kwa sababu chembe za bariamu hutua chini na kuacha maji maangavu ambayo mtu aliye na haraka atayalinganisha na sampuli yake. Weka mirija yote miwili mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi, simama penye mwanga wa kutosha, na utazame jinsi mistari inavyofifia nyuma ya kila mmoja. Ikififia zaidi nyuma ya sampuli, ongeza maji ya chumvi. Ikionekana wazi zaidi, ongeza koloni. Rudia mpaka usiweze kusema mrija upi ni upi. Maabara yenye mita ya ukungu itumie mita, maana macho mawili hukubaliana kwa shida saa tatu asubuhi na hayakubaliani kabisa saa kumi jioni.

Kuanzia hapo saa inahesabu. EUCAST hufundisha dakika 15 mara tatu: mchanganyiko upakwe ndani ya dakika 15 tangu kutengenezwa, vidiski viwekwe ndani ya dakika 15 tangu kupaka, na sahani iingie inkubeta ndani ya dakika 15 tangu kuweka vidiski. Mchanganyiko ukicheleweshwa kupita saa moja haufai tena.

Sahani ziwe zimetolewa jokofuni mapema na uso wake usiwe na matone. Zikiwa na matone, ziache zikauke kwenye inkubeta, kifuniko kikiwa wazi kidogo, kwa dakika 10 hadi 30. Chovya swabu ya pamba iliyotakaswa ndani ya mchanganyiko, kisha ikamue kwa kuizungusha kwenye ukuta wa mrija juu ya maji, kwani swabu inayodondoka huongeza wingi wa bakteria. Paka uso wote wa aga kwa mistari iliyobanana, zungusha sahani nyuzi 60, paka tena, zungusha, paka mara ya tatu, na mwisho pitisha swabu kwenye ukingo. Mianya isionekane.

Weka vidiski kwa kibanio kilichotakaswa au kwa kifaa maalumu, ukikibonyeza kila kimoja kiguse aga chote. Kati ya kitovu cha kidiski na kitovu cha kingine kuwe na milimita 24 au zaidi, ambayo kwa sahani ya sentimita 9 ina maana ya vidiski vitano, au sita kwa mpangilio wa EUCAST. Kidiski kikishagusa aga hakihamishwi. Dawa imeanza kutoka tangu sekunde ya kwanza, na ukikisogeza utakuwa na vyanzo viwili.

Geuza sahani kichwa chini na uziweke kwenye inkubeta ya nyuzi 35 kwa saa 16 hadi 18. Zisipangwe zaidi ya tano kwenda juu, maana za katikati huchelewa kupata joto. Umeme ukikatika usiku na hakuna jenereta, kipimo kirudiwe. Rekodi ya joto iliyoandikwa asubuhi peke yake haisemi lolote kuhusu saa nane usiku, hivyo kipimajoto chenye kumbukumbu ya kiwango cha juu na cha chini ni ununuzi wa busara kuliko vingi vinavyoombwa.

Udhibiti wa ubora unakwenda sambamba

Sambamba na bakteria wa mgonjwa, pima bakteria wa udhibiti kwa vidiski vya kopo lilelile na aga ya toleo lilelile: E. coli ATCC 25922, Staphylococcus aureus ATCC 25923 kwa wanaofuata CLSI au ATCC 29213 kwa EUCAST, na Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853. Mwanzoni hufanywa kila siku ya kazi. Maabara ikithibitisha uthabiti kwa utaratibu uliowekwa, huruhusiwa kufanya mara moja kwa wiki.

Faida yake iko katika kusoma mwelekeo wa makosa. Madawa yote yakitoa duara dogo kwa bakteria wa udhibiti, shuku aga nene au bakteria wengi. Yote yakitoa kubwa, shuku aga nyembamba au mchanganyiko hafifu. Dawa moja tu ikiwa nje ya mipaka, shuku kopo lake. Gentamisini ikiwa nje kwa Pseudomonas lakini ndani kwa E. coli, rudi kwenye madini ya aga. Udhibiti ukishindwa, majibu ya wagonjwa kwa dawa hiyo hayatoki siku hiyo, na mkuu wa benchi awe na ujasiri wa kumwambia hivyo daktari anayepiga simu.

Kusoma duara

Kabla ya kushika rula, tazama mazulia ya bakteria. Yawe yameenea bila mapengo na maduara yawe mviringo kamili. Ukiona koloni mojamoja zilizotengana, bakteria walikuwa wachache na sahani haisomwi. Kisha shika sahani kichwa chini juu ya kitambaa cheusi, mwanga ukitoka juu, na upime kipenyo kizima kwa nyuma, pamoja na kidiski chenyewe, hadi milimita kamili iliyo karibu. Sahani za damu husomwa kwa juu, kifuniko kikiwa kimetolewa. Pale ambapo hakuna duara, andika 6, ambacho ni kipenyo cha kidiski, usiandike sifuri.

Ukingo ni pale ukuaji unapokoma kwa jicho la kawaida kwa umbali wa sentimita 30 hivi, bila lenzi. Proteus hutambaa na kuacha utando mwembamba ndani ya duara; utando huo hupuuzwa. Kwa salfamethoksazoli na trimethoprimu, bakteria hugawanyika mara kadhaa kabla ya kuzuiwa, hivyo ukungu hafifu hupuuzwa na kinachopimwa ni ukingo dhahiri. Koloni ndani ya duara la dawa nyingine ni jambo tofauti: zioteshe upya, thibitisha kama ni bakteria yuleyule, na zikiwa ni yeye, rudia kipimo, na zikijirudia upime eneo lisilo na koloni yoyote.

Sura ya ukingo nayo husema. Staphylococcus aureus akiwa na duara la penisilini linaloangukia upande wa nyeti, angalia pembezoni: ukingo uliokatika wima kana kwamba umechongwa unaonyesha kimeng'enya kinachovunja penisilini, na jibu ni sugu, unaofifia taratibu ndio wa bakteria nyeti.

Kufasiri, na kwa nini mwaka wa jedwali unahesabika

Tuseme E. coli wetu ametoa duara la milimita 21 kwa siprofloksasini. Kwa jedwali la CLSI lililotumika hadi 2018, milimita 21 na kuendelea ilikuwa nyeti. Kuanzia 2019 mipaka ikabadilika: 26 na kuendelea ni nyeti, 22 hadi 25 ni ya kati, 21 na kushuka ni sugu. Bakteria yuleyule, duara lilelile, na jibu limegeuka kutoka nyeti hadi sugu bila hata kupita ngazi ya kati. Gentamisini nayo ilibadilishwa 2023, ambapo nyeti huanzia milimita 18 badala ya 15. Jedwali lililobandikwa ukutani tangu enzi za mtaalamu aliyestaafu, ambalo sasa limekolea manjano, lishushwe leo, na kila karatasi ya jibu ionyeshe mwongozo na mwaka uliotumika.

Kundi la bakteria nalo linabadilisha mipaka. Milimita 28 za siprofloksasini ni nyeti kwa E. coli lakini kwa Salmonella, jamii yenye bakteria wa homa ya matumbo, ni za kati, kwa kuwa huko nyeti huanzia 31. Anayetoa majibu ya homa ya matumbo kwa mstari wa E. coli anamrudisha mgonjwa wodini.

Yapo majibu yasiyoandikwa hata duara likiwa kubwa. Klebsiella ni sugu kwa ampisilini kwa asili yake, na Pseudomonas aeruginosa kwa seftriaksoni. Ukipata duara zuri hapo, chunguza kwanza kama umetambua bakteria sawasawa. Kwa Salmonella, gentamisini huonekana kufanya kazi kwenye sahani na kushindwa mwilini, hivyo hairipotiwi. Nitrofurantoini huripotiwa kwa mkojo tu, kwa sababu haifikii kiwango cha kutosha katika damu.

Mbinu tatu za vidiski zinastahili kuwa za kawaida kwenye kila benchi. Sefoksitini ya mikrogramu 30 kwa S. aureus: milimita 21 na kushuka ni MRSA (S. aureus sugu kwa methisilini), na dawa karibu zote za jamii ya penisilini zinaandikwa sugu. Erithromaisini na klindamaisini zikiwekwa jirani, milimita 15 hadi 26 kati ya kingo zao: duara la klindamaisini likibonyea upande wa erithromaisini kama herufi D, klindamaisini ni sugu. Na kwa E. coli na Klebsiella, seftazidimu na sefotaksimu zikipimwa zikiwa peke yake na zikiwa na klavulaneti: ongezeko la milimita 5 au zaidi kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili linathibitisha vimeng'enya vya ESBL, vinavyovunja penisilini na sefalosporini nyingi.

Mahali ambapo vidiski havifiki

Vankomaisini kwa Staphylococcus na kolistini kwa bakteria wa Gram hasi hazipimwi kwa vidiski. Molekuli zake ni kubwa, husambaa kwa shida, na duara la bakteria sugu halitofautiani na la nyeti. Hapo hutafutwa kiwango cha chini kabisa cha dawa kinachozuia ukuaji, kwa kuyeyusha dawa katika mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa madini, kila shimo la sahani likiwa na nusu ya dawa ya shimo lililotangulia. Bakteria huongezwa ili wafikie karibu laki tano kwa mililita, shimo moja huachwa bila dawa kuhakikisha wanakua, jingine bila bakteria kuhakikisha mchuzi ni safi, na baada ya saa 16 hadi 20 jibu ni shimo lenye dawa kidogo kuliko yote ambalo bado ni angavu; vankomaisini husubiriwa saa 24 kamili. Tofauti ya shimo moja juu au chini ni ya kawaida kwa kipimo hiki. Kolistini iwe ya chumvi ya salfeti, na mashimo yasipakwe kemikali ya kuzuia kunata.

Kutoa jibu na kuhifadhi rekodi

Kwa E. coli wetu, karatasi itataja bakteria, kila dawa na fasiri yake, na maelezo pale yanapohitajika. Maabara ya EUCAST ikumbuke kwamba tangu 2019 herufi I, iliyokuwa ya ngazi ya kati, kwake ina maana ya nyeti kwa kipimo kikubwa zaidi cha dawa, si jibu la mashaka. Daktari asipoelezwa hivyo ataiacha dawa inayofaa. Milimita zenyewe zihifadhiwe kwenye daftari au kompyuta hata kama hazipelekwi wodini, maana mipaka ikibadilika mwakani zinaweza kufasiriwa upya, ilhali neno "nyeti" pekee haliwezi.

Sahani zilizosomwa hutakaswa kwenye otoklevu kabla ya kutupwa. Mwisho wa mwaka, jumlisha majibu kuwa jedwali la hospitali, ukihesabu bakteria wa kwanza tu wa kila mgonjwa kwa kila aina, na usitoe asilimia kwa aina ambayo una sampuli chini ya 30. Jedwali hilo ndilo daktari wa zamu atakalolitazama usiku atakapohitaji kuanza dawa wakati sahani ya mgonjwa wake bado iko inkubeta.